Goti la mama, vidole vya wifi, kidole gumba cha kaka: athritisi yako ni ipi?

Desemba iliyopita tulikutana nyumbani Vihiga, magharibi mwa Kenya, na asubuhi ya pili nikaona kitu ambacho hakijanitoka akilini. Pakiti moja ya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, ilikuwa inazunguka mezani kama kopo la chumvi. Mama alitoa kidonge kimoja cha goti. Wifi yangu, mke wa kaka, akatoa kimoja cha vidole. Kaka mwenyewe, aliyekuwa amefika kutoka Nakuru usiku, akatoa viwili vya kidole gumba cha mguu. Nilipouliza, wifi akanijibu bila wasiwasi, "Si yote ni athritisi tu, wifi? Dawa ni ile ile."

Mimi si daktari. Nimefundisha sayansi shule ya msingi, sasa naishi Kisumu, na mwaka huu mzima nimekuwa nikiwasindikiza hawa watatu kliniki, mmoja baada ya mwingine. Nilichojifunza ni kwamba neno athritisi halitaji ugonjwa mmoja. Maana yake ni kiungo kilichovimba na kuwaka, na aina zake zinapita 100. Watu wangu watatu walikuwa na magonjwa matatu yenye vyanzo tofauti na dawa tofauti. Kidonge kile kiliwatuliza wote kwa saa chache, kikamwachia mama hasara ambayo hakuiona mpaka baadaye.

Kiungo kinacholia na kiungo kinachouma

Nianze na magoti yangu, maana kesi yao ni nyepesi. Nina miaka 57 na nikipanda ngazi yanalia ka-ka-ka, kama mtu anayekanyaga majani makavu. Kwa muda mrefu niliamini huo ni mfupa unaosaga mfupa. Kumbe ndani ya kiungo mna ute wa kulainisha, na katika ute huo mna gesi iliyoyeyuka, kama ile ya soda. Ukivuta kidole, nafasi ya ndani inapanuka ghafla, kiputo cha gesi kinatokea, na mlio unasikika. Ndiyo maana ukishakivunja kidole, yaani kukiliza hivyo, hakilii tena papo hapo: gesi huhitaji kama dakika 20 kuyeyuka upya. Milio mingine ni ya kano zinazoteleza juu ya mfupa.

Daktari mmoja wa Marekani, Donald Unger, alikatazwa na mama yake utotoni asivunje vidole, eti atapata athritisi. Akaamua kuvivunja vya mkono wa kushoto kila siku kwa zaidi ya miaka 60, na vya kulia akaviacha. Mwishoni hakuna mkono uliokuwa na athritisi. Mtu mmoja si ushahidi wa kutosha, lakini hata waliochunguza watu wengi hawakukuta kwamba kuvunja vidole huleta ugonjwa huu.

Kwa hiyo mlio usio na maumivu wala uvimbe usikunyime usingizi. Ila goti linalolia na kuuma, linalokwama likiwa limekunjwa, linalolegea ghafla ukiwa njiani, au linalojaa maji likawa kama tikiti, hilo linataka kuangaliwa.

Waulize kuhusu asubuhi

Swali moja ndilo lililowatenganisha watu wangu, na tabibu aliliuliza kabla ya kumgusa mtu yeyote: "Ukiamka, viungo vinakaa vimekakamaa kwa muda gani?"

Mama huamka mgumu. Anaenda jikoni akiwa ameshika ukuta, anakoka moto, na chai ikianza kuchemka goti limeshafunguka. Hiyo haifiki nusu saa. Taabu yake huongezeka kadiri siku inavyokwenda: kushuka bondeni kwenye chemchemi kunauma, kupanda kunauma, na jioni ndiyo mbaya kuliko zote. Akipumzika, anapata nafuu. Hiyo ni osteoathritisi, athritisi ya kuchakaa. Ukila kuku utaona ncha ya mfupa ina kitu cheupe kinachong'aa, laini kama sabuni iliyolowa. Hilo ni gegedu. Kwa mama limelika taratibu kwa miaka mingi, na kiungo chote kimebadilika pamoja nalo. Ugonjwa huu hupenda magoti, nyonga, uti wa mgongo, tako la kidole gumba cha mkono na viungo vya nchani mwa vidole. Goti moja laweza kumtangulia mwenzake. La mama ni la kushoto. Huja na umri, lakini umri hauji peke yake: kuna uzito, kuna jeraha la zamani, kuna kazi ya kuchuchumaa na kubeba, na wanawake huzidi kuupata baada ya hedhi kukoma. Mama amechuma chai na kupandisha madumu ya maji kwenye kilima cha Maragoli tangu akiwa msichana.

Wifi ana miaka 41 na hali yake ni kinyume kabisa. Asubuhi ndiyo saa yake ya mateso. Nilimwona kwa macho yangu akiwa ameibana chupa ya chai katikati ya mapaja, akizungusha kifuniko kwa viganja viwili, vidole vimenyooka kama vya mtu mwenye mikono iliyojaa unga asiyetaka kuchafua kitu. Mpaka saa nne ndipo alipoweza kukunja ngumi. Akifanya kazi kidogo anafunguka, akikaa anakaza tena. Mikono yote miwili inauma pamoja, pale vidole vinapoungana na kiganja na kwenye vifundo vya mikono. Viungo vya nchani vimesalimika. Juu ya hayo kuna uchovu usioisha kwa usingizi, kuna joto jepesi la mwili, na nguo zimeanza kumpwaya. Hiyo ni rumatoidi, baridi yabisi hasa. Hapa hakuna kilichochakaa. Kinga ya mwili imegeuka na kushambulia utando wa ndani wa viungo. Huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, na haingoji uzee.

Kaka hana habari ya asubuhi wala jioni. Yeye ana usiku mmoja. Alilala mzima, akaamka saa nane kidole gumba kimekuwa chekundu, kinang'aa, hata shuka lilipokigusa alipiga yowe. Hilo ni jongo, ambalo wengi wetu tunaliita gauti: asidi ya yuriki imejaa kwenye damu mpaka ikaganda ndani ya kiungo kama sindano ndogo. Maumivu hufika kileleni ndani ya siku moja, na baada ya wiki moja au mbili huondoka hata bila dawa. Hapo ndipo linapowahadaa watu. Kaka alikuwa amepona mara tatu kabla ya hapo, na kila mara alidhani limekwisha.

Ukijipima kwa watu hawa, chunguza muda wa asubuhi, chunguza ni viungo vipi, na chunguza kama maumivu yalikuja kwa miaka, kwa miezi au kwa usiku mmoja. Mambo hayo matatu yatakufikisha karibu sana na jibu. Lakini mtu anaweza kuwa na mawili kwa pamoja, na kuna hali nyingine ambazo hazimo kwenye meza yetu. Kiungo kimoja kilichovimba ghafla, cha moto, pamoja na homa, ni dharura ya siku hiyo hiyo hata kama unajua una gauti, kwa sababu usaha ndani ya kiungo unaweza kukiharibu kwa siku chache na hata kuua. Mtoto wa huku ukanda wa ziwa anayelia mifupa mara kwa mara apimwe seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kabla hajaambiwa kwamba mifupa inauma kwa sababu anakua. Na homa ya mbu iitwayo o'nyong'nyong, iliyotambuliwa kaskazini mwa Uganda mwaka 1959 na kuenea hadi kwetu, ilipewa jina hilo na Waacholi kwa jinsi inavyovunja viungo. Maumivu yake yanaweza kubaki baada ya homa kwisha.

Picha na damu

Picha ya eksirei inafaa kwa goti la mama, ila isikutawale. Nafasi kati ya mifupa ikiwa imepungua, gegedu limelika. Lakini kuna watu wenye picha mbaya wanaolima, na wenye picha nzuri wasioweza kuinuka kitini. Daktari anayeangalia picha bila kukunja goti lako amefanya nusu ya kazi.

Damu ndiyo iliyotuletea kizaazaa. Maabara moja ya mjini ilimpima mama kila kitu, ikatoa karatasi iliyosema kipimo cha RF, kile cha kutafuta rumatoidi kwenye damu, kiko juu kidogo, na mama akarudi nyumbani akilia kwamba athritisi imeingia kwenye damu. Kipimo hicho hupanda hata kwa baadhi ya wazee wasio na rumatoidi. Hakisemi kitu mpaka kiungane na dalili. Kwa wifi kilikuwa na maana, kwa sababu mikono yake ilikuwa imeshasema, na kipimo kingine cha rumatoidi, anti-CCP, ambacho hakibahatishi sana, kikathibitisha. Kwa kaka ilikuwa ajabu nyingine: asidi ya yuriki ilipimwa kidole kikiwaka ikaonekana ya kawaida. Hilo hutokea. Alipopimwa tena wiki kadhaa baadaye, ilikuwa juu sana.

Goti lililochakaa: kidonge, jeli, mazoezi, sindano au kisu

Wengi wanaosoma hapa wana goti la mama, basi nitakaa hapa zaidi.

Vidonge kama diklofenaki na ibuprofeni vinafanya kazi, na vinafanya haraka. Ndiyo hatari yake. Hupandisha presha, hutoboa tumbo, huumiza figo, na diklofenaki ina hatari zake kwa moyo. Mama ana presha. Duka moja la dawa lilikuwa likimuuzia kila wiki bila hata siku moja kumuuliza anatumia dawa gani nyingine. Siku aliyopimwa kliniki, presha iliyokuwa imetulia kwa miaka miwili ilikuwa imepanda tena, na muuguzi alipouliza kilichobadilika, mama alitoa pakiti ile kwenye mkoba. Mtu mwenye umri wake anaweza kuvitumia siku chache, kwa kipimo kidogo, tabibu akijua. Kuvila kila siku kama chai sivyo. Ukiona choo cheusi kama lami, viache na uende hospitali. Parasetamoli ni salama zaidi kwa tumbo na presha, lakini kwa goti hili nguvu yake ni ndogo. Usipite vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku, na mzee mwembamba ale vichache zaidi.

Jeli ya diklofenaki ndiyo ningependa iwe ya kwanza mkononi. Inapakwa pale panapouma, mara tatu au nne kwa siku, na ni sehemu ndogo tu inayoingia kwenye damu. Inafaa magoti na vidole. Kwa nyonga haifai, maana nyonga imefichwa ndani mno.

Sasa mazoezi, na hapa naomba unisikilize, kwa sababu wengi huona tabibu akitaja mazoezi ni kama amekufukuza. Gegedu halina mishipa ya damu. Linakula kwa kubanwa na kuachiwa, kama sifongo, yaani kwa kutembea. Na msuli wa mbele ya paja ndio unaobeba goti. Msuli huo ukinywea, kila hatua inapiga moja kwa moja kwenye mfupa. Mama alifundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia mambo mawili tu. Anakaa kwenye kiti cha plastiki, ananyoosha mguu mpaka paja likaze, anahesabu polepole hadi kumi, anashusha. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Kisha anasimama na kukaa bila kushika kitu. Wiki ya kwanza alisimama mara mbili akachoka, akaniambia, "Mwanangu, hii ni kazi ya vijana." Siku hizo paja lake la kushoto lilikuwa laini kama ugali uliozidi maji, na nilipolishika alipokuwa akinyoosha halikukaza. Wiki ya tisa lilikaza. Maumivu hayakuisha, lakini alishuka chemchemi na kurudi bila kukaa njiani, jambo ambalo vidonge vya mwaka mzima havikumpa.

Kuuma kidogo wakati wa mazoezi si kuharibika. Kama kesho yake goti limevimba au linauma kuliko jana, punguza. Usiache.

Kuna mambo madogo yanayosaidia kuliko bei yake. Bakora ishikwe mkono ulio upande wa pili wa goti bovu. Goti la kushoto, bakora kulia. Karibu kila mtu hukosea hapo, mama pia. Kwenye mteremko na ngazi, kupanda tanguliza mguu mzima, kushuka tanguliza mguu mgonjwa. Choo cha shimo ni adui wa goti hili: fundi alitutengenezea kiti cha mbao chenye tundu kwa nusu siku, na mama anasema hicho ndicho zawadi bora aliyopata mwaka huu. Na uzito, kwa walio nao: kila kilo unayopunguza huliondolea goti mzigo wa kama kilo 4 katika kila hatua. Kilo 5 si nyingi kwenye kioo, ila goti linazisikia.

Sindano ya steroidi ndani ya goti hutuliza kwa wiki kadhaa. Ni nzuri mtu akiwa amezidiwa na hawezi hata kuanza mazoezi. Kurudia rudia ndiyo shida: utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2017 uliwachoma watu kila baada ya miezi 3 kwa miaka 2, na gegedu lao likapungua zaidi ya wale waliochomwa maji ya chumvi, huku maumivu yakiwa hayatofautiani. Vidonge vya glukosamini, vinavyouzwa kama kirutubisho cha gegedu, ni ghali, na faida yake kwenye majaribio makubwa imekuwa haba. Fedha hiyo ningeinunulia jeli na viatu vyenye soli laini.

Kisu ni cha mwisho, lakini kisiogopwe kama laana. Goti la bandia hudumu: kati ya 10 yaliyowekwa, takriban 8 huwa bado yanafanya kazi baada ya miaka 25. Wakati wake ni pale maumivu yanapokuamsha usiku na kukufungia nyumbani licha ya yote niliyosema. Kwa watu wa huku, kliniki za mifupa ziko Kisumu katika Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile tunayoiita Russia, na Eldoret katika Hospitali ya Moi. Uliza mapema SHA, bima ya afya ya serikali, italipa kiasi gani na utabaki kulipa nini.

Dawa ya wifi na dawa ya kaka

Kwa wifi kungoja ndiko kosa kubwa. Rumatoidi hula mifupa mapema, mara nyingi ndani ya miaka 2 ya kwanza, na kilicholiwa hakirudi. Mazoezi na jeli havitoshi. Anahitaji dawa inayotuliza kinga yenyewe, na ya kwanza kwa kawaida ni methotreksati. Sikia vizuri: humezwa mara moja kwa wiki. Kuimeza kila siku kumewahi kuua watu. Wifi alichagua Jumapili baada ya kanisa, na siku nyingine anameza asidi ya foliki ya kumpunguzia madhara. Damu na ini hupimwa mara kwa mara, na hairuhusiwi kwa mwenye mimba au anayeitafuta. Haikumsaidia mwezi wa kwanza, na karibu aiache. Huchukua wiki 6 hadi 12. Madaktari bingwa wa ugonjwa huu ni wachache na wengi wako Nairobi, kwa hiyo omba rufaa mapema hata kama zamu yako iko mbali.

Kaka naye ana bahati asiyoijua: gauti ndiyo inayotibika vizuri kuliko zote tatu. Kidole kikiwaka, kuna dawa fupi ya kutuliza. Mashambulizi yakijirudia, kuna alopurinoli ya kila siku, ya kuishusha asidi ya yuriki chini ya miligramu 6 kwa kila desilita ya damu na kuiweka huko kwa miaka. Kuimeza kidole kikiuma na kuiacha kikipoa ni kazi bure. Daktari pia alimbadilishia dawa ya presha, kwa sababu ile ya kukojoza aliyokuwa akitumia hupandisha asidi hiyo. Bia, soda, maini, figo, matumbo na omena vimepunguzwa. Maharagwe alikuwa ameyaacha kwa kuambiwa na rafiki, na hilo halikuwa na sababu: purini, vitu vya kwenye chakula ambavyo mwili huvigeuza kuwa asidi ya yuriki, zikitoka kwenye maharagwe, kunde na mboga za majani hazikuonekana kuleta gauti.

Unga usio na jina

Siwadharau waganga wa miti shamba. Nyanya yangu alikuwa mmoja wao. Lakini unga unaouzwa kwenye chupa isiyo na jina, unaomaliza maumivu ya miaka kumi kwa siku mbili, unanitia hofu. Maabara za nchi mbalimbali zimekuta deksamethasoni, ambayo ni steroidi, na diklofenaki zimechanganywa ndani ya dawa zilizouzwa kama mizizi mitupu. Steroidi hiyo ikiliwa kwa miezi hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa na kuuvimbisha uso ukawa wa mviringo kama mwezi. Na ukiiacha ghafla mwili unaweza kuanguka, kwa hiyo hata kuacha kunataka tabibu.

Ukienda kliniki, beba kila kitu unachomeza kwenye mfuko mmoja, pamoja na karatasi uliyoandika muda wa asubuhi kwa siku saba. Mama alipomwaga mfuko wake mezani palikuwa na dawa ya presha, diklofenaki ya maduka mawili tofauti, na chini kabisa, kwenye fundo la leso, unga wa kahawia ambao hata mimi binti yake sikujua anao. Tabibu aliunusa, akamtazama mama usoni kwa muda, kisha akaagiza apimwe sukari.